Mizani za kupimia mwili zinazouzwa Tanga: ipi ununue, na ufanye nini zikipishana

Anayepunguza mwili Tanga hakosi pa kupandia mizani. Ipo ya nyumbani, ipo ya duka la dawa, ipo ya zahanati, na wapo wanaopimisha wapita njia kwa malipo kidogo sehemu zenye watu wengi kama stendi ya Kange. Kila moja itampa namba yake. Mizani mbili nzima kupishana kilo moja au mbili ni kawaida kabisa, na zikipishana tatu kwa sababu moja imewekwa juu ya zulia, usishangae.

Hukumu yenyewe niiweke mapema kwa aliye na haraka: nunua mizani ya kioo ya kidijitali iliyo sahili, isiyo na Bluetooth, inayotumia betri ndogo za AAA, na uijaribu pale pale dukani kwa namna iliyoelezwa hapa chini. Ukishaipata, ifuate hiyo hiyo. Namba za mizani nyingine zipokee kwa heshima, ila usiziandike kwenye daftari lako.

Sababu ni hesabu. Chukua mtu ambaye mizani ya zahanati inamsoma 84.0 na ya kwake nyumbani 85.6. Ya nyumbani inazidisha kwa karibu asilimia 2, yaani kilo 1.6, na wengi wakiona hivyo huitupa chini ya kitanda. Miezi michache baadaye ya zahanati inasoma 78.0, ya nyumbani, ikiendelea kuzidisha kwa kiwango kile kile, itasoma 79.5. Kwa zahanati amepungua kilo 6.0, kwa nyumbani 6.1. Kosa lile lililoonekana kubwa juu ya uzito mzima limekuwa gramu mia moja tu juu ya uzito uliopungua, na uzito uliopungua ndio aliokuwa akiutafuta. Sasa mwone aliyepima nyumbani Jumatatu akapata 85.6, akapima zahanati Ijumaa akapata 84.0: anashangilia kilo 1.6 ambazo hazijamtoka. Na anayeanzia zahanati kisha akaenda kupima nyumbani anavunjika moyo bure, na wengi huacha mazoezi hapo hapo. Mizani inayokosea kila siku kwa kiasi kile kile inatumika. Isiyofaa ni ile inayokosea leo hivi, kesho vile.

Kwenye maduka ya vyombo ya Ngamiani na kwenye maduka ya dawa utakuta aina tatu. Ya nne haiuzwi kirahisi, ila utaipanda ukienda kliniki.

Ya kwanza ni ya mshale, ile ya bati yenye duara la namba na gurudumu dogo la kurudisha sifuri. Haina betri, na hilo ndilo linaloiuza. Ndani yake kuna springi na vyuma vya wenzo vinavyopeleka uzito kwenye mshale. Alama zake ni za kilo moja, au nusu kilo kwa zilizo bora kidogo, kwa hiyo kuona umepungua gramu 300 ni kubahatisha. Mshale ukiutazama kutoka pembeni unasoma namba nyingine, na mrefu na mfupi hawauoni sawa. Ubaya mkubwa kwetu huku pwani ni kutu. Hewa ya chumvi inaingia kwenye springi na kwenye maungio, chuma kinakwaruzana, mshale unakwama kabla ya kufika. Ukiamua kuinunua, panda na ushuke mara kadhaa, na kila ukishuka tazama kama mshale umerudi sifuri kamili. Ikibaki juu au chini ya sifuri, tena kila mara mahali tofauti, iache. Kwa kazi ya kufuatilia kilo mbili tatu kwa mwezi siipendekezi.

Ya pili ni ya kioo ya kidijitali, na ndiyo ninayoitetea. Kioo kigumu chenye miguu minne, na ndani ya kila mguu kuna kihisi: kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno kikibebeshwa mzigo, kimegandishwa waya mwembamba ambao ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri chuma kinavyopinda. Mizani hujumlisha miguu yote minne. Igeuze usome chini: mara nyingi utaona Max 180 kg, d = 0.1 kg, au gramu 100. Hiyo d ni hatua ya namba kwenye kioo tu. Mizani inaweza kuandika 83.7 kwa uhakika wa kutisha na bado ikawa imekosea kilo nzima. Wauzaji huitaja gramu 100 kama ndiyo usahihi wa mizani, wasikuchanganye.

Betri zipo za aina mbili. Kuna ile ya duara CR2032, na kuna AAA mbili. Chagua ya AAA: zinapatikana kila kona, ni rahisi, na kikasha chake hufunguka na kusafishika. CR2032 nayo inapatikana kwa mafundi saa, ila kishikizo chake chembamba hupinda, na kikipinda mizani inawaka na kuzima inavyotaka.

Ya tatu ni ile ya Bluetooth inayozungumza na simu, na yenye sahani za chuma juu ya kioo ili ikupe asilimia ya mafuta, maji na misuli. Kwa uzito tu haina tofauti na ya pili. Kuhusu hizo asilimia, niseme wazi: usizitie hesabuni. Inapitisha umeme mdogo sana kutoka unyayo mmoja hadi mwingine, inapima jinsi mwili unavyouzuia, kisha inachukua urefu, umri na jinsia uliyoingiza na kukadiria. Umeme huo unapita zaidi miguuni na sehemu ya chini ya kiwiliwili, hivyo kitambi na mabega vinakisiwa tu. Miguu yenye maji, magaga, jasho la mchana wa Tanga, glasi mbili za maji ulizokunywa muda mfupi uliopita, vyote vinabadilisha namba. Na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini asiipande. Mjamzito naye haimfai. Ikiwa kitu unachokilipia zaidi ni kutunza kumbukumbu, kalamu na daftari vinaifanya kazi hiyo.

Ya nne ni ya nguzo, ile ya zahanati na hospitali yenye mawe ya kusogeza kwenye fimbo mbili, moja ya makumi na moja ya kilo na gramu. Hii inalinganisha uzito wako na uzito wa mawe yake, nayo ikirekebishwa sifuri ndiyo ya kuaminika kuliko zote zilizotajwa hapa. Kabla hujapanda, mwombe muuguzi kwa adabu mawe yote mawili yarudishwe sifuri na fimbo iachwe ielee. Ikilala juu au chini, haijarekebishwa.

Mizani ya nguzo ina jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mizani ya kioo na ya mshale hazipimi kilo moja kwa moja, zinapima nguvu ambayo dunia inakuvuta nayo chini, na nguvu hiyo si sawa kila mahali. Karibu na ikweta ni ndogo kuliko Ulaya. Mizani iliyorekebishwa Hamburg, Ujerumani, ikiletwa Tanga, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, bila kurekebishwa tena, itasoma pungufu kwa takriban theluthi moja ya asilimia: mtu wa kilo 80 anasomwa 79.7. Iliyorekebishwa kusini mwa China inapunguza gramu 50 au 60 tu, nawe hutaziona. Ya mawe ya kusogeza haiathiriki, maana mvuto unaopungua kwako unapungua na kwa mawe vile vile. Kwa hiyo mizani iliyotumwa na ndugu kutoka Ulaya na ile iliyonunuliwa Ngamiani zinaweza kupishana robo kilo zote zikiwa nzima.

Tofauti nyingi lakini hazitoki mbali hivyo. Zinatoka sakafuni. Miguu yote minne lazima ikae juu ya kitu kigumu na kilicho sawa. Juu ya mkeka, zulia au kapeti, kioo kinazama na tumbo la mizani linagusa chini, sehemu ya uzito haipiti kwenye vihisi. Juu ya sakafu ya saruji iliyochimbika mguu mmoja unaning'inia. Juu ya marumaru, mguu mmoja ukiangukia kwenye mstari wa kiungo, vivyo hivyo. Itafutie nafasi moja nyumbani, iwekee alama ya chaki au kalamu ya rangi kwenye pembe, na isihame. Ikibidi kuisogeza, hata kwa kufagia tu, ikanyage kidogo kwa kidole cha mguu, isubiri ionyeshe 0.0 na izime yenyewe, ndipo uipande. Mizani nyingi za kioo hukumbuka sifuri ya mahali zilipokuwa, na ukizipanda mara tu baada ya kuzisogeza namba ya kwanza huwa ya uongo. Zinazosimamishwa ukutani kisha zikalazwa kila asubuhi zina tatizo hili kila siku ya Mungu.

Bafuni nako, licha ya desturi, siko mahali pake. Mvuke na chumvi ya pwani vinakula vishikizo vya betri na vinaingia kwenye vihisi. Chumba cha kulala kinatosha. Tena kioo chenye maji kinateleza, na ukikanyaga ukingoni kinabinuka.

Sasa dukani. Usikubali kuuziwa mizani iliyo kwenye boksi bila kuwekwa betri. Mwombe mwenye duka, naye akiwa muungwana hatakataa, iwekwe kwenye marumaru. Nenda na chupa ya maji ya nusu lita na, ukiweza, katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu zisizofunguliwa.

Anza na sifuri kama ilivyoelezwa. Panda, soma, shuka, subiri izime, panda tena. Fanya mara tano. Namba zikitofautiana kwa 0.1 au 0.2 ni sawa. Zikipita 0.3, mwambie akupe nyingine. Ila hapa kuna ujanja wa kiwandani unaowapiga chenga hata wanaojaribu: mizani nyingi za bei nafuu huhifadhi namba ya mwisho, na ukipanda tena na uzito unaokaribiana nao, hukurudishia ile ile ili zionekane makini. Ndiyo kazi ya chupa ya nusu lita. Panda mikono mitupu, kisha panda umeishika. Namba lazima iongezeke 0.5. Isipobadilika kabisa, hiyo inakariri. Anayepunguza mwili imkae mbali, kwa sababu akipungua gramu 300 kwa wiki ataona namba haisogei siku nyingi, kisha siku moja inaanguka kilo nzima, na katikati hapo alikwisha kata tamaa. Kama unayo tayari nyumbani, ipande kwanza umeshika ndoo au mkoba mzito, shuka, kisha panda mtupu. Namba ya zamani itafutika na utasomwa upya.

Halafu jaribu pembe. Simama miguu yote mbele kidogo, kisha nyuma, kisha kulia, kushoto, bila kukanyaga nje ya miguu ya mizani. Mizani nzuri haitapishana zaidi ya 0.3. Kihisi kimoja kikiwa kimekufa utaona kilo kadhaa zinapotea upande wake.

Mwisho katoni. Panda mtupu, kisha panda umeibeba. Chupa 12 za lita moja na nusu ni lita 18, na lita moja ya maji kwa joto la kwetu ni kilo moja kasoro gramu chache. Plastiki ya chupa zote haifiki nusu kilo. Ongezeko likiwa kati ya 18 na 18.5, kipimo kimesimama vizuri kwenye uzito wako halisi, na hapo ndipo panapohusika, kwa kuwa mizani inaweza kuwa sahihi kwenye kilo 20 ikapotea kwenye 90. Usitumie dumu la lita 20 ukadhani ni kilo 20: likijazwa hadi shingoni hupita lita 20, na lenyewe lina uzito wake. Njia nyingine nzuri kwa aliye karibu na soko la Mgandini ni kununua mfuko wa mchele wa kilo 25 na kuomba upimwe kwenye mizani ya jumla yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani za biashara huhakikiwa na Wakala huo. Ya chumbani kwako haihakikiwi na mtu. Beba mfuko huo nyumbani kabla haujafunguliwa, pandia nao, linganisha.

Ikiwa mizani inasoma 187 au namba nyingine ya ajabu, geuza uangalie swichi ya chini: imeguswa ikaenda kwenye ratili. Kilo moja ni ratili 2.2, hivyo kilo 85 huonekana 187. Ikiandika Lo, betri imekwisha, na betri inayokaribia kwisha huanza kutoa namba za kuyumba kabla ya kuandika chochote. Err au alama za mistari mara nyingi maana yake ni mzigo umepita kiwango au umepanda kabla sifuri haijatulia. Vishikizo vikiota ukoga wa kijani au mweupe, toa betri, sugua kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa pamba yenye spiriti, acha vikauke. Wengi hutupa mizani nzima kwa tatizo hili la dakika tano.

Mizani ikishatulia, kinachobaki kuyumba ni mwili. Pima asubuhi, baada ya haja, kabla ya chai, na nguo ile ile nyepesi. Kanga moja inatosha. Jinzi, viatu na simu mfukoni hufika kilo moja na nusu bila taabu, nayo ni sababu nyingine ya zahanati kukusoma mzito. Ndani ya siku moja uzito hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili kwa chakula, maji na jasho. Mtu akitoka kwenye harusi ya Chumbageni, kesho yake akakuta kilo 1.5 zimeongezeka, asilie. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700; ili apate kilo 1.5 za mafuta usiku mmoja angepaswa kula zaidi ya kalori 11,000 juu ya mahitaji yake. Alichobeba ni maji: chumvi ya pilau inayashikilia, na wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na maji kiasi cha gramu 3 kwa kila gramu yake. Baada ya siku mbili tatu za chakula cha kawaida yanatoka. Wanawake wengi huongezeka hivyo hivyo siku zinazokaribia hedhi.

Ramadhani inavuruga ratiba, na hapa ndipo madaftari mengi yanapoharibika. Muda mfupi kabla ya futari mwili umekauka na mizani inasoma chini. Baada ya futari ya uji, mihogo na maji inasoma kilo moja au zaidi juu. Chagua saa moja kwa mwezi mzima, kabla ya daku ukitoka haja ndiyo bora, na usilinganishe namba hizo na za Shaabani ulizopima saa nyingine.

Siku moja haisemi kitu. Andika siku saba, jumlisha, gawanya kwa saba. Wiki ya 82.4, 82.9, 82.1, 82.6, 83.0, 82.3 na 82.0 ina wastani wa 82.5. Ndani yake kuna siku ya 83.0 ambayo ingemtia mtu huzuni, lakini wiki inayofuata ikija na wastani wa 81.9, amepungua gramu 600, mwendo mzuri kabisa ndani ya ule wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki unaoshauriwa na wataalamu wa afya.

Kuna wanaohitaji namba ya kweli yenyewe, wala si mwendo tu: mtoto anayepimiwa dozi ya dawa kwa kilo, na mgonjwa wa figo. Hao wapimwe hospitali, Bombo au kituo kilicho karibu. Mgonjwa wa moyo aliyeambiwa afuatilie uzito atumie mizani yake moja ya nyumbani kila asubuhi, na akiona kilo zaidi ya 2 zimeongezeka ndani ya siku 3, asizilaumu betri; amwone daktari.

Na siku mizani yako itakapokufa, usianze na mpya kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kama ya zamani bado inapumua, zipande zote mbili kila asubuhi kwa wiki moja, andika tofauti ya kila siku, chukua wastani wake. Tofauti hiyo iongeze au uitoe kwenye namba zote za zamani, kisha endelea na mpya peke yake. Kama ya zamani imekufa ghafla, piga mstari kwenye daftari, andika tarehe, na wastani wa wiki ya kwanza ya mizani mpya uwe ndio mwanzo wako.